Miaka Minne ya Ivan Mauger

Matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, mwenzangu wa chumba alidisko. Sitamtaja jina, mwenyewe anajijua, na makomredi wa ghorofa yetu wanamjua. Siku ile hakusema mengi. Alikunja godoro, ndoo akamwachia jirani, pasi akanipa mimi, akabaki na begi moja la nguo. Tulimsindikiza watatu mpaka stendi na hakuna kati yetu aliyejua la kumwambia. "Ndo hivyo," alisema yeye mwenyewe basi lilipowashwa, utadhani sisi ndio tuliohitaji kupozwa.

Sasa hivi anaendesha bodaboda ya mjomba wake huko kwao. Miezi kadhaa baadaye akanitumia video fupi kwenye WhatsApp. Pikipiki nne zinaingia kona kwa pamoja, zimelala ubavu, tairi za nyuma zinarusha udongo hadi kwenye uzio, na waendeshaji wanaburuza mguu wa kushoto chini. Chini ya video ameandika: "Mwanangu, nasikia hizi pikipiki hazina breki. Nitafutie huu ni mchezo gani, wewe ndo uliyebaki karibu na maktaba."

Nilicheka, kisha nikatafuta. Katika kutafuta nikakutana na habari za mtu anayeitwa Ivan Mauger, na tangu siku hiyo sijaacha kumfikiria. Makala hii ni jibu langu kwa jamaa yangu. Nimeona niliandike hapa kwa sababu najua kila mwaka matokeo yakitoka hayuko peke yake.

Mchezo wenyewe ukoje

Mchezo unaitwa spidiwei. Kwa sisi ambao pikipiki tunaijua kama usafiri wa kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi, tuanze na chombo chenyewe. Pikipiki ya spidiwei ina injini ya silinda moja, sisi 500. Bodaboda nyingi za huku mtaani zina sisi 100 hadi 150, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Na pamoja na ukubwa huo wa injini, pikipiki yenyewe ni nyepesi kuliko bodaboda. Haitumii petroli, inatumia methanoli, ambayo ni jamii ya spiriti. Ina gia moja tu. Haina taa, haina honi, haina kioo. Breki haina kabisa, si ya mbele wala ya nyuma.

Hapo kila mtu huuliza: kwa nini wasiweke breki? Sababu ni usalama, ingawa mwanzoni inasikika kama mzaha. Waendeshaji wanne wanakwenda wamebanana, tairi ya mmoja inakaribia kugusa ya mwenzake. Aliye mbele akikanyaga breki ghafla, wa nyuma wote wanamwingia. Wote wakiwa hawana breki, hakuna anayeweza kusimama ghafla mbele ya mwenzake.

Sasa kona wanaikataje? Uwanja ni wa duara la mviringo kama yai, una udongo mlegevu juu, na wanazunguka kinyume cha mishale ya saa, yaani kila kona ni ya kushoto. Mwendeshaji akifika kwenye kona anailaza pikipiki na kuachia tairi ya nyuma iteleze kwenda nje huku bado anatia mafuta. Usukani anauelekeza kulia wakati yeye anakwenda kushoto. Ule mtelezo wenyewe ndio unaopunguza kasi na kugeuza pikipiki. Mguu wa kushoto umevishwa kiatu chenye soli ya chuma, ndio maana kwenye video unaonekana ukiburuzwa bila kuchanika. Akifunga mafuta katikati ya kona kwa woga, tairi inashika ardhi ghafla na anaweza kurushwa. Kwa hiyo kwenye kona woga ni hatari kuliko kasi.

Mbio moja ni mizunguko minne tu, dakika moja na ushee. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka na udongo usoni. Wote wanne wanaanza wakiwa wamesimama nyuma ya kamba zilizokazwa mbele yao. Kamba zikiruka juu, kila mmoja anaachia klachi. Anayefika kona ya kwanza akiwa mbele anachagua njia anayoitaka na haoni vumbi la mtu. Walio nyuma wanapigwa na udongo kwenye miwani mizunguko yote minne. Ndiyo maana katika mchezo huu sekunde mbili za mwanzo zina thamani kuliko zote zinazofuata. Hili la kuanza likumbukeni, tutalirudia.

Mchezo ulishika kasi Australia katika miaka ya 1920, ukaingia Uingereza mwaka 1928, na ubingwa wa dunia ukaanza mwaka 1936 kwenye uwanja wa Wembley. Ni mchezo wa hatari kweli. Mwaka 1963 Mwingereza Peter Craven, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili, alikwepa mwendeshaji aliyeanguka mbele yake akagonga uzio. Alifariki siku chache baadaye. Watu wanaoingia kwenye mchezo huu wanayajua hayo.

Kijana wa Christchurch

Ivan Mauger alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1939 katika mji wa Christchurch, Nyuzilandi. Ukitazama ramani ni kule mwisho kabisa wa dunia, chini ya Australia. Lakini kwa spidiwei mji huo ulikuwa kama Moshi na Arusha kwa wanariadha wetu wa mbio ndefu: kijana anayekulia pale anakuta mashujaa wako jirani. Ronnie Moore, aliyekulia Christchurch, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1954 akiwa bado kijana mdogo. Barry Briggs, mzaliwa wa mji huohuo, akautwaa mwaka 1957 na tena 1958. Wote wawili walijijengea jina Uingereza wakiwa na timu ya Wimbledon ya London.

Mauger akataka njia hiyohiyo. Mwaka 1957, akiwa na miaka 17, akapanda meli kwenda Uingereza pamoja na mkewe Raye, ambaye naye alikuwa binti mdogo. Hebu fikiria. Umri ambao wengi wetu tulikuwa tunasubiri matokeo ya kidato cha nne, yeye ana mke, ana pikipiki, na yuko London bila ndugu. Kwenye kichwa chake nadhani picha ilikuwa ileile tuliyokuja nayo sisi hapa chuoni na barua ya udahili mkononi: kwamba ukishafika, umefika.

Hakuwa amefika. Wimbledon ilikuwa timu iliyotwaa ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, mwaka 1954, 1955 na 1956. Kijana wa miaka 17 asiyejulikana alipata nafasi za kubahatisha. Ili mkate upatikane akafanya vibarua vya uwanjani hapohapo, kutengeneza njia ambayo wengine wangekimbizia pikipiki. Msimu wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mwaka 1958 ulipokwisha, yeye na Raye walikuwa wamefunga virago kurudi kwao.

Tuite jambo kwa jina lake. Ivan Mauger alidisko. Na kwa mtu aliyeaga mtaa mzima wakati wa kuondoka, kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Jamaa yangu aliniambia kitu kinachofanana na hicho: kwamba mtihani mgumu kuliko UE zote alizofanya ulikuwa kupita pale kijiweni nyumbani kwao mara ya kwanza akiwa na begi mgongoni, wakati watu wanajua chuo hakijafungwa.

Miaka minne

Sasa tufike kwenye kipande ambacho wengi wanaoeleza habari za mabingwa hukiruka. Tunapenda kusimulia "alishindwa, hakukata tamaa, akashinda", kama vile katikati hapakuwa na kitu. Katikati palikuwa na miaka minne. Kuanzia mwisho wa 1958 mpaka mwanzo wa 1963, Mauger hakuwa Uingereza. Alikuwa Nyuzilandi na Australia, akikimbia kwenye viwanja vya nyumbani ambako magazeti ya London hayakufika. Kwa muda alikaa Adelaide, mji wa Jack Young, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1951 na 1952.

Miaka hiyo aliitumia kujifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Ujasiri hakuukosa hata alipokuwa Wimbledon. Mtu asiye jasiri hapandi meli na miaka 17, wala hapandi pikipiki isiyo na breki. Kilichompungukia kilikuwa vitu vidogovidogo vinavyofundishika: namna ya kuiandaa pikipiki kabla ya mbio, namna ya kuusoma udongo wa uwanja, na zaidi ya yote namna ya kuanza. Baadaye hayo ndiyo yaliyompa jina. Waliomwona akikimbia enzi zake wanakubaliana kwamba hakuwa mwendeshaji wa mbwembwe nyingi. Walikuwepo waliopendeza macho kuliko yeye. Ila kamba ziliporuka juu, mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa tayari ameondoka.

Hapa nilisimama kidogo nikajiangalia. Mwaka wangu wa kwanza nilipata sapu mbili, na kwa muda mrefu nilijieleza kwamba tatizo ni kichwa, au kozi ni ngumu, au mwalimu ana roho mbaya. Nilipokaa chini kwa ukweli nikagundua tatizo lilikuwa mwanzo wa muhula. Wiki nne za mwanzo sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa nasubiri bumu litoke, nasubiri makundi ya semina yatulie, nasubiri moto uwake. Wengine walishafika kona ya kwanza. Zilizobaki nilikuwa napiga msuli kwenye kimbweta mpaka saa nane za usiku, ila ulikuwa msuli wa mtu aliye nyuma, udongo wote unanipiga usoni. Juhudi zilikuwepo. Nilizianza nimeshachelewa.

Kurudi kwa mlango wa chini

Mwaka 1963 Mauger alirudi Uingereza. Hakurudi Wimbledon. Promota mmoja, Mike Parker, alimpa nafasi katika timu ya Newcastle, kaskazini mwa nchi, na timu hiyo ilikuwa kwenye ligi ya mikoani, ngazi ya chini ya ile aliyoshindwa mwanzo. Kwa mtu mwenye majivuno hii ingekuwa aibu ya pili. Yeye aliikubali.

Mwaka huohuo wa kwanza akawa bingwa wa waendeshaji wa ligi hiyo. Mwaka 1964 akautwaa tena. Mwaka 1965 ligi ya juu na ya mikoani zikaunganishwa kuwa ligi moja ya Uingereza, naye akajikuta kwenye ngazi ya juu bila kubisha hodi. Mwaka 1966 akaingia fainali yake ya kwanza ya dunia na kushika nafasi ya nne. Mwaka 1967 akawa wa tatu. Kapanda ngazi mojamoja, hakuruka hata moja.

Usiku mmoja, mbio tano

Ili uelewe ukubwa wa kilichofuata, uelewe kwanza ubingwa wa dunia ulivyokuwa ukiamuliwa enzi hizo. Siku hizi mashindano yana duru nyingi msimu mzima, ukiharibu moja unafidia nyingine. Mpaka mwaka 1994 haikuwa hivyo. Baada ya michujo ya miezi, waendeshaji 16 walikutana usiku mmoja kwenye uwanja mmoja. Mbio zilikuwa 20, kila mtu anakimbia tano, na ratiba ilipangwa ili kila mmoja akutane na kila mwenzake mara moja tu. Hesabu yake ni nzuri: mbio tano, wapinzani watatu kila mbio, jumla 15, ndio wote waliobaki. Ukishinda zote unapata pointi 15.

Mbio tano za dakika moja na ushee. Yaani mwaka mzima wa kazi unapimwa kwa takriban dakika sita. Sisi tunalalamika kwamba UE ya saa tatu haiwezi kupima muhula mzima. Mwenzetu alipewa dakika sita, na plagi ikizingua au cheni ikikatika hakuna sapu, hadi mwakani.

Mwaka 1968, mjini Göteborg nchini Uswidi, Mauger alishinda mbio zake zote tano. Pointi 15, bingwa wa dunia. Ilikuwa miaka 10 tangu aondoke Uingereza na virago vyake. Mwaka 1969 akarudia Wembley. Mwaka 1970 fainali ikapelekwa kwa mara ya kwanza Polandi, mjini Wrocław, mbele ya Wapolandi waliokuwa na waendeshaji wao hatari. Mauger akapata tena pointi 15 kati ya 15. Hakuna aliyewahi kuutwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo kabla yake. Mashabiki wawili wa Marekani walikuwa wamemwahidi kwamba akishinda la tatu wataifunika pikipiki yake kwa dhahabu, na walitimiza. Pikipiki hiyo ya dhahabu ilikuja kuwekwa kwenye makumbusho ya mji aliozaliwa.

Mwanafunzi na mwalimu

Kuna kijana wa Denmaki, Ole Olsen, aliyekuja Newcastle mwaka 1967 akiwa mgeni wa kila kitu. Mauger, aliyekuwa nyota wa timu, alimpokea na kumfundisha kazi. Alimfundisha vizuri mno. Mwaka 1971 huyohuyo Olsen alishinda mbio zote tano za fainali na kuwa Mdenmaki wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Wa pili alikuwa Mauger.

Kisa hiki nimekisimulia makusudi kwa sababu ya tabia yetu ya kuficha madesa. Mtu ana mitihani iliyopita, ana notsi nzuri, lakini anazikalia ili asipitwe. Mauger alimpa mpinzani silaha na mpinzani akampiga nayo. Mwaka uliofuata, 1972, Mauger alirudi Wembley na kutwaa taji la nne, baada ya kufungana kwa pointi na Bernt Persson wa Uswidi na kumshinda kwenye mbio ya kuamua. Kumsaidia Olsen hakukumpunguzia kitu cha kudumu.

Miaka minne mingine

Ukidhani baada ya hapo mambo yalinyooka, sikia yaliyotokea mwaka 1973. Fainali ilikuwa Chorzów, Polandi, kwenye uwanja uliojaa watu zaidi ya 100,000. Mwisho wa mbio 20 Mauger alikuwa amefungana na Mpolandi Jerzy Szczakiel, mtu ambaye karibu hakuna aliyemtaja kabla ya siku hiyo. Ikabidi wakimbie wawili peke yao. Szczakiel akaanza vizuri zaidi. Mauger, bwana wa kuanza, akajikuta nyuma. Akajaribu kupita, akagusa gurudumu la mwenzake, akaanguka. Szczakiel akamaliza peke yake na kuwa Mpolandi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Uwanja mzima ulikuwa unashangilia wakati Mauger anajiokota kwenye udongo.

Mwaka 1974 akawa wa pili tena, nyuma ya Anders Michanek wa Uswidi. Mwaka 1975 hakupata taji, 1976 hakupata. Hesabu: 1973, 1974, 1975, 1976. Miaka minne mingine. Safari hii hakuwa kijana wa miaka 19. Alikuwa anaelekea 40 kwenye mchezo wa vijana, na magazeti hayana huruma na mtu wa umri huo.

Mwaka 1977 akarudi Göteborg, mvua inanyesha, udongo umekuwa tope. Akatwaa ubingwa wa tano akiwa na miaka 37, na kumfikia Ove Fundin wa Uswidi aliyekuwa na mataji matano. Mwaka 1979 akarudi Chorzów, uwanja uleule alioangukia miaka sita kabla. Akatwaa la sita, mwezi mmoja hivi kabla hajatimiza miaka 40. Mwaka huohuo akaiongoza Nyuzilandi kutwaa ubingwa wa dunia wa timu.

Mpaka leo hakuna aliyempita. Tony Rickardsson wa Uswidi alimfikia kwa mataji sita mwaka 2005, na Bartosz Zmarzlik wa Polandi akafikia idadi hiyo mwaka 2025. Lakini mwenye sita zote za usiku mmoja, za dakika sita, ni Mauger peke yake. Alifariki Aprili 2018 nchini Australia, akiwa na miaka 78.

Tusidanganyane

Makala za namna hii huishia na "nawe unaweza". Mimi siwezi kumwandikia hivyo jamaa yangu, angenicheka.

Kwanza, Mauger hakuwa peke yake. Raye alikuwepo tangu kwenye meli ya kwanza, akala shida za London pamoja naye, akarudi naye, akakubali kwenda tena. Moore na Briggs walikuwa wameshafungua njia, kwa hiyo promota wa Uingereza akisikia mtu anatoka Christchurch alikuwa na sababu ya kusikiliza. Ukisema alifanikiwa kwa juhudi zake tu, unawadhulumu watu hao.

Pili, wapo vijana wengine waliorudi makwao kutoka viwanja vya Uingereza miaka ileile, wakajifunza, wakajaribu tena, na hawakufika popote. Hao hakuna anayewaandika. Kurudi hakumhakikishii mtu taji.

Tatu, sisi tuliobaki huku tusijione tumeshinda. Tofauti kati yangu na mwenzangu ilikuwa somo moja na nusu, basi. Mimi nilipata sapu na bahati, yeye alipata sapu na msiba nyumbani wiki ileile. Siku tunayomsindikiza mtu stendi, tujue kwamba tunamsindikiza mwenzetu na wala hatumsindikizi mjinga. Na simu tuzipige. Kwa miezi mitatu ya kwanza mimi sikumpigia, nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Yeye ndiye aliyenitafuta, kwa ile video.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo. Miaka minne ya kwanza ya Mauger haikuwa ya kusubiri. Alikuwa anafanya kazi ileile kwenye uwanja mdogo zaidi, na aliporudi alikubali kuanzia ngazi ya chini. Hivyo viwili havihitaji kipaji. Vinahitaji mtu ajue hasa alishindwa wapi, na aweze kumeza aibu.

Nilimtumia jamaa yangu haya yote kwa vipande, sauti baada ya sauti, usiku mmoja umeme ulipokatika hosteli. Akasikiliza zote kabla ya kujibu. Swali lake la kwanza lilikuwa la kifundi: kama haina breki, mbio zikiisha inasimamaje? Nikamwambia unafunga mafuta kwenye sehemu iliyonyooka, injini yenyewe inaivuta, inapungua taratibu mpaka inasimama. Akasema anaelewa, hata bodaboda kwenye mteremko wa kwao anaifanya hivyo.

Kisha akakaa kimya kidogo, nasikia kwa nyuma injini za wenzake kijiweni. Akauliza dirisha la maombi linafunguliwa lini, na kama kuanza na diploma watu wanaona ni kushuka. Nikamwambia Mauger alianzia ligi ya mikoani.

"Sawa," akasema. "Hiyo pasi yangu usiiunguze basi. Nitaihitaji."